Uliza Fundi: Msiibomoe nyumba ya bibi

Masika yakiisha, barua huja kwa wingi. Mvua humwonyesha mtu asichokiona kiangazi kizima: ufa, unyevu, upenu mfupi, boriti iliyolainika. Mwezi huu nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyeiandika hana muda. Kaka zake wameshaanza kuulizia bei ya bloku.

Shikamoo fundi. Ni mama wa watoto watatu, naishi Bagamoyo kwenye nyumba tuliyoachiwa na bibi mzaa baba. Ni ya mawe na chokaa, dari za boriti, na wazee wanasema ina zaidi ya miaka mia. Miaka mitatu iliyopita tulichangishana ndugu tukapiga plasta ya saruji chumba cha mbele na ukuta wote wa nje. Sasa plasta inabanduka vipande vipande, chini ukutani panatoka unga mweupe, na boriti mbili upande wa kusini nikizichoma kisu kinaingia. Fundi mmoja amesema tubomoe tujenge ya bloku. Tufanyeje?

Marahaba, mwanangu. Msiibomoe. Nyumba yenu haiumwi uzee, inaumwa plasta, na plasta ni kitu cha kubandua.

Okota kipande cha jiwe kilichodondoka, kipasue, ukitazame ndani. Utaona vitundu vitupu, kama mkate wa kumimina. Ndivyo lilivyo jiwe la matumbawe. Linavuta maji kutoka ardhini na kuyapandisha juu, na hakuna fundi atakayelizuia. Wazee hawakujaribu kulizuia. Walilijengea chokaa na udongo mwekundu, wakalipaka chokaa juu, na chokaa nayo ina vitundu. Maji yaliyopanda yakapata pa kutokea, upepo wa bahari ukayakausha. Nyumba ilikaa hivyo miaka mia, inalowa na kukauka, inalowa na kukauka.

Mlipoivika saruji, mliyafungia maji ndani. Yakawa yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na njiani yanabeba chumvi ya ardhi ya pwani. Yanapokauka nyuma ya plasta, chumvi inabaki pale pale, inaumuka na kuisukuma plasta itoke. Huo ndio unga mweupe unaouona. Boriti nazo, kwa vile vichwa vyake vimezama ukutani, zinanyonya unyevu huo mchana na usiku, na mti ukikaa majimaji bila hewa huoza. Kisu chako hakikudanganya.

Nakueleza haya kwa uchungu kwa sababu niliyafanya kwa mikono yangu. Mwaka 1994 nilikuwa kijana, nafanya kazi chini ya mjomba wangu Mji Mkongwe, Unguja. Mjomba alikuwa amekwenda Pemba kwenye msiba, na mwenye nyumba mmoja alitaka chumba cha chini kiwe tayari kabla ya harusi ya binti yake. Chokaa ingechukua wiki kadhaa. Nikapiga saruji kwa siku tatu, chumba kikang'aa, harusi ikafana, watu wakanisifu. Masika mawili tu yalipita, nikaitwa. Mjomba alikwenda na mimi. Aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ukaitika po, po, kama ngoma iliyolegea. Akabandua kipande, akakigusa kwa ulimi, akaninyoshea na mimi nikiguse. Chumvi tupu. Akasema, "Umeuziba mdomo." Hakuongeza neno. Kazi ya siku tatu tuliibandua kwa siku kumi na moja.

Sasa sikiliza kazi yenu.

Kwanza boriti. Kabla hamjagusa plasta, wekeni mirunda chini ya dari upande ule wa kusini, mbao nene juu na chini ya kila mrunda, na watoto wasilale chumba hicho. Halafu mtafuteni mhandisi aje atazame, hata kama mtakopa hela ya nauli yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani, Unguja, na watu wakafa. Sababu zake ni za wataalamu kueleza, lakini tangu siku ile sikubali tena kuingiza fundi chini ya dari ya zamani kabla haijategemezwa. Boriti zenyewe si lazima zitolewe nzima. Mara nyingi kilichooza ni kile kichwa cha ukutani tu. Hukatwa mpaka kwenye mti mzima, kikaungwa kipande kipya. Na ulizeni ofisi ya Mambo ya Kale hapo Bagamoyo kama nyumba yenu imo katika eneo linalohifadhiwa. Ikiwa imo, hata huyo fundi wa kubomoa hana ruhusa.

Pili, bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Msitumie mashine ya kupasua zege. Anzeni pale ukuta unapoitika po. Mkifika mahali saruji imeshikana na jiwe kiasi cha kuling'oa, paacheni, mtaparudia baadaye. Chumvi iliyobaki ifagieni kwa brashi kavu. Msiioshe, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha uacheni ukuta uchi. Ndiyo, uchi, kipupwe chote. Majirani watasema. Acha waseme, ukuta unahema.

Tatu ndiyo chokaa. Zamani mjomba alikuwa akichoma mwenyewe: tanuri la magogo, mawe ya matumbawe juu, moto wa usiku kucha. Sitaki mrudie hilo. Matumbawe na magogo vina kazi nyingine sasa. Nunueni chokaa ya mfuko iliyo safi, ile ya ujenzi, muimimine kwenye pipa la maji mkikoroga mpaka iwe kama uji mzito, juu mwache maji ya kina cha kiganja. Funikeni. Iacheni mwezi mzima, na ikikaa miezi miwili ni bora zaidi. Mkichota mtaona imekuwa laini kama mtindi wa siku ya tatu, inang'ang'ania mwiko. Chokaa iliyotoka tanurini moja kwa moja sikushaurini, kwa sababu inachemka ikikutana na maji na inapofua macho. Aliye nayo aitie chokaa kwenye maji, asiyamimine maji juu ya chokaa, na avae miwani.

Ndoo moja ya chokaa hiyo kwa ndoo tatu za mchanga mkali wa mtoni au wa shimo, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hapana: ni chumvi ileile mnayoikimbia, na kuuchota ni kuila pwani yenyewe. Kwa mita moja ya chini, panapolowa zaidi, twangeni matofali ya kuchoma yaliyovunjika, chekecheni vumbi lake, mtie nusu ndoo. Vumbi hilo huifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole, subirini likauke kiasi, kisha la pili. Tundikeni magunia yaliyolowa mbele yake siku nne au tano ili jua lisilichome. Chokaa haikauki kama nguo. Inakomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, ileile iliyotoka ilipokuwa tanurini, na kurudi kuwa jiwe. Ukiiharakisha, inabaki unga.

Tabaka la mwisho ni niru, chokaa laini tupu iliyosuguliwa mpaka iteleze. Ikiwa bado yuko mzee Bagamoyo anayejua kuisugua, mlipeni hata kama hawezi tena kupanda ngazi. Akae kwenye kiti awaelekeze vijana.

Waambie kaka zako hesabu hii: kwenye bloku pesa yenu kubwa itakwenda kwenye mifuko na nondo. Kwenye chokaa itakwenda kwa mikono ya watu wa Bagamoyo, na nyumba ya bibi itabaki.

Mwalimu wa shule ya msingi, Wilaya ya Kongwa, anauliza: Kijiji kinataka kujenga nyumba ya walimu. Kila mwaka tunafyatua matofali na kuyachoma, na miti imeshatoka hapa mpaka mlimani. Nimesikia kuhusu matofali ya kufungamana yasiyochomwa. Je, yanadumu? Wazee wa kijiji wanasema udongo ni umaskini.

Mwalimu, swali la wazee naanza nalo. Kongwa ni nchi ya Wagogo, na Wagogo walijenga tembe. Ingia kwenye tembe saa saba mchana mwezi wa Oktoba, kisha ingia chumba cha bati kilicho jirani yake. Mwili wako utajibu kabla yangu. Ukuta mnene na paa la udongo vinachelewesha joto mpaka jioni. Aliyebuni hilo hakuwa maskini wa akili.

Na wasimulie habari za msanifu majengo Diébédo Francis Kéré. Kijijini kwao Gando, Burkina Faso, alitaka kujenga shule kwa udongo, na watu wa kwao walikuwa na wasiwasi uleule, kwamba mvua itaubomoa. Akatumia matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo na kushindiliwa, wanakijiji wenyewe wakafanya kazi, bati akalinyanyua juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Shule ilikamilika 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu. Shule ya udongo ya kijijini ndiyo iliyomfungulia njia.

Matofali ya kufungamana yanadumu, kwa sharti la kuyatendea haki. Hapa nchini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha miaka mingi, na mashine yake ya mkono inatoa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Waandikieni. Ila msinunue mashine kabla ya kuujua udongo wenu. Hapo ndipo vijiji vingi huanguka.

Ondoeni udongo mweusi wa juu wenye mizizi, chimbeni kufikia udongo mwekundu usio na mabaki ya majani. Jazeni theluthi moja ya chupa pana ya kioo, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, iwekeni dirishani darasani ambapo hakuna atakayeigusa. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja. Mfinyanzi utabaki ukielea na kutua juu kabisa siku ya pili. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi upo lakini haujafika theluthi, mko pazuri. Ukiwa mfinyanzi mtupu, changanyeni mchanga wa korongo. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kulifanya zoezi hili na kulipimia kwa rula, na nakusihi uwape. Nyumba ni ya mwalimu wao.

Saruji ni kidogo: ndoo moja kwa ndoo kumi hadi kumi na nne za udongo, kwa kadiri udongo unavyonywea ukikauka. Halafu maji, na hapa nataka usome polepole. Fumba udongo uliochanganywa ndani ya ngumi mpaka uwe donge. Nyosha mkono usawa wa bega, uliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika kuwa unga, maji ni machache. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Likipasuka vipande vinne, vitano, ndiyo yenyewe, fyatueni, na mchanganyiko huo uishe ndani ya saa moja. Nimeona vijana wakichanganya lundo la siku nzima asubuhi ili wapumzike mchana. Matofali ya mchana yote yalikuwa yanavunjika mkononi.

Yakitoka mashineni yapangeni kivulini, yafunikeni kwa nailoni au nyasi, yamwagilieni siku saba. Jengeni baada ya wiki nne. Safu za kwanza ziwe juu ya msingi wa mawe uliopanda angalau magoti kutoka ardhini, na upenu utoke vizuri.

Silaumu saruji. Naipenda mahali pake, kwenye msingi, kwenye rinta ile ya juu ya milango na madirisha, kwenye tanki. Lakini tanuri lake linataka nyuzi joto kama 1,450, na viwanda vyake vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa ambayo binadamu anaitoa duniani. Mkiipunguza bila kuchoma hata gogo moja, mlima wenu utaanza kuota tena.

Kijana wa Kisumu: Kikundi chetu tumekusanya chupa za plastiki maelfu kutoka ufuoni mwa ziwa. Tunataka kuzijaza mchanga tujenge darasa la chekechea. Unatushauri vipi?

Hongereni kwa kuzitoa ziwani. Lakini darasa la watoto, hapana. Chupa ni duara na inateleza, kwa hiyo saruji haiishiki. Inabidi uifunge kwa kamba chupa kwa chupa na kujaza saruji nyingi katikati, mpaka akiba yote inapotea. Jua likiipata inakakamaa na kuvunjika. Moto ukiipata, sitaki kufikiria watoto wakiwa ndani. Jengeni kwanza viti vya bustani na kingo za vitalu, mzipige plasta zote zisionekane jua.

Zilizobaki zichambueni kwa aina, muuze. Nairobi kuna Gjenge Makers ya Nzambi Matee, mhandisi aliyetambuliwa na Umoja wa Mataifa 2020 kama mmoja wa Vijana Mabingwa wa Dunia. Wanachanganya plastiki na mchanga, wanapasha moto na kukandamiza kwa mashine, wanatoa matofali ya kutandaza chini. Msijaribu kuyeyusha plastiki kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni huyo anayekoroga.

Na kama mnataka kuona taka ikiheshimiwa, tafuteni picha za Flipflopi. Ni jahazi lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki, likavikwa ndala 30,000 zilizookotwa. Mafundi wa majahazi walizichonga mbao za plastiki kwa zana zilezile wanazochongea mti. Lilishushwa majini 2018, mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, na chombo cha Flipflopi kilifika hata ziwani kwenu 2021. Pengine baadhi yenu mlikiona. Ufundi wa miaka mingi ndio ulioifanya plastiki ile ielee.

Assalaam alaykum. Niko Maskati, kwetu ni Unguja. Najenga nyumba ya wageni pwani ya mashariki, nataka dari zote ziwe za boriti za mikoko kama majumba ya zamani ya kwetu na ya huku. Wapi nitapata boriti nzuri za kutosha?

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Ulichokiona ni kweli. Boriti za Lamu na za delta ya Rufiji zilivuka na majahazi ya msimu kwenda Ghuba kwa karne nyingi, ndiyo maana ukiingia chumba cha zamani huko na chumba cha zamani Lamu unahisi umeingia nyumba moja: kirefu, chembamba, upana haufiki mita tatu. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Watu wa Lamu wana jina kwa kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, kwa sababu kila unene ulikuwa na kazi yake na bei yake.

Lakini mikoko haikuweza kuendelea kubeba mahitaji hayo. Kenya ilizuia kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Kamba na samaki wanakulia kwenye mizizi ile, na mawimbi yanavunjwa nguvu pale kabla hayajafika kijijini. Pwani ya mashariki unakojenga wewe inaliwa na bahari mbele ya macho yetu. Kukata mikoko ili mgeni aitazame akiwa kitandani, mimi siwezi kukuelekeza. Boriti chache zinazopatikana kwa leseni ya misitu naziombea nyumba za zamani ambazo zimeoza vichwa na hazina mbadala, kama ile ya dada yetu wa Bagamoyo hapo juu.

Tumia mvinje. Unapandwa mashambani pwani ya Kenya kwa ajili ya miti ya kujengea, unanyooka, unakua upesi, na aliyeupanda anapata riziki. Uumenye maganda siku unapokatwa, uukaushe kivulini, uutie dawa ya boraksi dhidi ya bungua, wale wadudu wanaotoboa mti. Na kwa mihimili mikubwa tumia mnazi uliozeeka usiozaa tena. Unguja unayo mingi, na mara nyingi inakatwa na kuachwa shambani. Mnazi si kama mti mwingine: ugumu wake uko nje na moyo wake ni laini. Kwa hiyo mwambie mpasua mbao achukue mbao za pembeni, za chini ya shina, zile nyeusi zenye michirizi ya kahawia iliyokolea. Ukizipiga kwa kidole zinalia kama chuma. Zile za katikati, zilizopauka, aziache zikawe kuni. Nimeweka dari ya mnazi wa pembeni mwaka 2008 Pangani, nimepita mwaka jana kuitazama, msumari bado hauingii bila kutobolewa kwanza.

Na usilazimishe vyumba vya mita sita. Jenga vyumba vyembamba kama wazee, na upepo wa baharini utavipita bila feni.

Binti, Lindi vijijini: Mama yangu ana nyumba ya miti na udongo. Anaiona aibu wageni wakija, anataka niipige plasta ya saruji na niezue makuti niweke bati. Nina pesa ya kitu kimoja tu.

Binti yangu, ukutani usipeleke saruji. Umesoma yaliyowakuta Bagamoyo. Kwenye udongo ni haraka zaidi, itabanduka na kuondoka na ukuta. Bati nalo si la lazima. Makuti yaliyosukwa vizuri na kuezekwa kwa mwinamo mkali yanampa mama kivuli bora kuliko bati, ila yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na jiko la kuni likae mbali nayo. Ikiwa minazi imeadimika kwenu na makuti yamekuwa ghali, basi weka bati, ulipake chokaa nyeupe juu ili lirudishe jua, na chini utandike dari ya mikeka ya ukindu.

Lakini pesa yako ya kwanza iende kwenye upenu. Urefushe utoke sentimita 60 au zaidi pande zote. Nyumba za udongo nyingi nilizoona zikianguka hazikuangushwa na mvua ya juu, ziliangushwa na michirizi inayodondoka karibu na ukuta, inaruka na kula miguu ya nyumba mpaka miti inaonekana. Zungushia kibaraza cha mawe chini, kiinuke kufika magoti, na mfereji wa kupeleka maji mbali. Miti iliyooza chini ibadilisheni mmoja mmoja.

Baada ya hapo, kusiriba. Mama yangu alitumia udongo wa kichuguu, usiochimbwa kwenye kichuguu chenye mchwa walio hai, akautwanga na kuuchekecha. Kwa karai mbili za udongo huo alitia karai moja ya mchanga na nusu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Akaukanda kwa miguu, akaufunika kwa majani ya mgomba siku tatu. Siku ya nne ulikuwa umebadilika, unanyooka bila kukatika. Aliupaka kwa kiganja, nusu duara nusu duara, kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata leo namuona kwenye kuta za watu wengine. Ulipoanza kukauka aliusugua kwa kipande cha kibuyu mpaka ukang'aa, na sisi watoto tulikatazwa kuegemea mpaka kesho yake. Mwisho alipaka chokaa juu, na chini mstari wa udongo mwekundu ulioficha madoa ya mvua. Hakuna mgeni aliyeingia pale akaona aibu ya mtu.

Muulize mama kama anajua kusiriba. Wa umri wake wengi wanajua ila hawaulizwi. Yeye asimamie, wewe uwe wa kubeba maji. Fanyeni kazi hii sasa, ukuta ukauke kabla ya mvua za Desemba. Anzeni na upande unaopigwa na mvua zaidi, mama anaujua.